Midomo ya Ellerclough

Bi Tabitha Rudd alikuwa shahidi wa tatu siku hiyo, na maneno yake yalikuwa yaleyale ya wawili waliomtangulia, utadhani wote wameyakata kwenye jora moja.

"Silas alikuwa na sisi ukutani, bwana Inspekta. Ukuta wa boila, pale penye joto. Kengele ya chakula imelia, mitambo imesimama, tumekaa tunakula. Robo saa nzima sikumtoa machoni."

"Robo saa," alisema Inspekta Ezra Kershaw.

"Robo saa kamili. Alikuwa anakula kiazi changu, na mtu akila kiazi changu, mwanangu, mimi simtoi machoni."

Alicheka, na Kershaw akaona ufizi mtupu pale meno ya mbele yalipopaswa kuwa. Hakuna mfumaji wa kwetu aliyefika miaka hamsini akiwa na meno ya mbele. Uzi unavutwa kwa mdomo, unanyonywa kupitia kitundu cha kile kijiti cha mti kinachoruka na uzi huku na huku mtamboni, mara mia tatu kwa siku, na meno yana mwisho wake. Kijiti chenyewe tunakiita kibeba-uzi, na kitendo tunakiita kubusu. Waliokipa jina hilo walikuwa na mzaha mbaya.

Kershaw alimruhusu aende, akabaki anaitazama meza. Juu yake palikuwa na ncha mbili za chuma, ndogo, zilizochongoka, za aina inayopachikwa kwenye miisho ya kibeba-uzi. Zilikutwa Jumanne mfukoni mwa Silas Entwistle, mchochea moto wa boila. Jumanne hiyohiyo Jabez Hindle, nyapara wa ukumbi wa kufumia, alikutwa amelala kifudifudi katika stoo ya nyuzi, na penye paji la uso wake palikuwa na tundu lisilozidi punje ya dengu. Ncha zile ziliingia katika tundu lile kama ufunguo katika kufuli. Silas alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba ipo siku atamtia Hindle tanuruni. Kesho asubuhi mkokoteni ungempeleka Korti Kuu ya Lancaster, na Lancaster hawana mchezo na mtu aliyeua nyapara.

Yote hayo yalikuwa wazi. Kilichomsumbua Kershaw ni ile robo saa.

Barua ya daktari ilikuwa imefika asubuhi, imefungwa kwa lakiri. Ilisema Hindle alikufa ndani ya robo saa baada ya kengele ya chakula. Kershaw aliisoma humu ndani, katika ofisi ya marehemu, mlango umekomewa, akamnong'oneza Konstebo Pilling yaliyomo, kisha akaichoma. Na wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine, wamekuja na robo saa ileile mkononi.

"Pilling, umesema na mtu?"

"Mimi, afande? Sijafungua mdomo ila kula."

Kershaw alimtazama. Sam Pilling alikuwa kijana mnene wa hapahapa, mtoto wa mfumaji, na uso wake haukujua kuficha hata njaa. Hakuwa anadanganya.

Ofisi ile ilijengwa juu, ngazi nane kutoka sakafuni, na upande mmoja ulikuwa kioo kitupu ili nyapara awaone wote. Chini palikuwa na mitambo mia nne na wanawake mia mbili, na kishindo chake kilitetemesha wino chupani. Kershaw alisogea kiooni, akamwita Pilling kando yake.

"Sikiliza," alinong'ona. "Silas anasema jana alikuwa na jino bovu. Alikuwa amejifunga kitambaa chekundu shavuni, hakuweza kula kitu."

"Ah! Hakuniambia, afande."

"Niitie shahidi anayefuata."

Shahidi aliyefuata alikuwa Alice Grimshaw, mwanamke wa miaka thelathini, mwembamba, mwenye ulimi usiolala. Aliketi bila kukaribishwa, akajipangusa pamba nyusini.

"Silas? Alikuwa na sisi, bwana, ukutani. Maskini ya Mungu, jino lilikuwa linamla! Amejifunga kitambaa chake chekundu hapa, hata tonge halipiti. Nikamwambia, Silas, liue hilo jino kabla halijakuua."

"Kitambaa chekundu."

"Chekundu kama jogoo."

"Bi Tabitha kasema alikula kiazi."

Alice alipepesa macho mara moja. "Upande wa pili wa mdomo, bwana."

"Jino hilo nimelitunga mimi," alisema Kershaw. "Sasa hivi. Pale kiooni."

Shingo ya Alice ilipanda wekundu mpaka masikioni. Halafu akainua kidevu.

"Basi bwana, wewe ni mwongo kama sisi," alisema, akatoka.

Kershaw aliugeukia mlango uliofungwa, kisha ukuta, kisha dari, akitafuta tundu la mtu kutegea sikio. Pilling alimwangalia akigonga mbao kwa vidole mpaka huruma ikamshika.

"Afande, unatafuta nini?"

"Wanasikiaje? Nieleze, Pilling, wanasikiaje?"

"Hawasikii, afande. Nusu yao ni viziwi. Wanasoma midomo." Pilling alionyesha chini kupitia kioo. "Mle ndani hata ukipiga yowe jirani yako hasikii. Kwa hiyo wanaongea kwa midomo tu, bila sauti. Mtu wa mwisho kule anapiga umbea na wa mwisho huku. Mama yangu alikuwa anatugombeza kutoka upande wa pili wa uwanja wa kanisa, na kasisi anahubiri."

"Na tangu jana nasimama kwenye kioo hiki nikitoa siri zangu."

"Ndiyo, afande."

"Na wewe ulijua?"

"Mimi nilidhani unajua. Kila mtu anajua." Pilling alikuwa amechanganyikiwa kwa dhati. "Hukuuliza."

Kershaw alitoka migodi ya chumvi ya kusini, mahali ambapo watu wakitaka kusema husema. Hasira ilimpanda. Aliketi papo hapo, akachovya kalamu, akamwandikia hakimu: kwamba wafumaji wa kiwanda cha Ellerclough wamekula njama; kwamba wako tayari kuapia lolote wanaloliona midomoni mwa watu; kwamba kiapo chao kisipokelewe katika shauri hili, leo wala kesho. Alitia sahihi, akaipiga mstari chini yake mara mbili.

"Ipeleke sasa hivi."

"Lakini afande," alisema Pilling, amesimama na barua mkononi, "kama Silas kweli alikuwa pale ukutani? Alice alitia chumvi tu. Ukitia chumvi kwenye nyama, nyama si bado ipo?"

"Nimesema ipeleke."

Aliipeleka. Sikio la kufa halisikii dawa.

*

Mahabusu ya mji ilikuwa chini ya soko la nafaka. Silas Entwistle alikuwa amekaa sakafuni, jitu zima la mtu, nyusi zimeungua zamani na hazikuota tena. Aliitazama mikono ya Kershaw kwanza.

"Tumbaku hujaleta."

"Nimeleta hizi." Kershaw aliziweka ncha mbili juu ya benchi, akasogeza mshumaa. "Jana nilizipima ukubwa. Rangi sikuiangalia. Leo nimeiangalia. Chuma hiki ni buluu, Silas. Chuma cha mtamboni hung'aa kwa kusuguliwa. Hiki kimepita motoni."

Silas aligeuza uso ukutani.

"Kuna mtu alikitupa kibeba-uzi kizima tanuruni. Mti ukaungua, ncha zikabaki kwenye majivu. Na anayetoa majivu ni wewe. Ungekuwa wewe umeua, ukachoma silaha yako, halafu ukazoa mabaki yake na kuyatia mfukoni? Mjinga wa namna hiyo sijakutana naye."

"Hujakaa Ellerclough siku nyingi."

"Ulizikuta ukajua ni za nani. Ukazificha. Nipe jina nikufungulie mlango."

Silas alikwangua masizi kwenye kiganja kwa ukucha.

"Bwana, mimi sina mke, sina mtoto. Hata paka sina. Kikohozi ninacho, na boila itaniua kabla ya Pasaka ya pili. Nikipotea mimi, atakayeuliza ni nani?"

"Mimi nitauliza."

"Wewe!" Silas alicheka, kicheko kikamgeuka kikohozi. "Wewe ndiye unayenipeleka huko, bwana. Niletee tumbaku."

Kershaw aligonga mlango afunguliwe. Akiwa kizingitini Silas alimwita.

"Yule Tabitha," alisema, "kiazi kilikuwa kibichi katikati. Mwambie sikutaka kumvunja moyo."

Kershaw alisimama akimtazama. Hakuwa amemtajia kiazi, wala hakuna mtu aliyemtembelea Silas tangu Jumanne. Kwa hiyo lile neno la Tabitha lilikuwa kweli tupu, na barua ilikuwa imeshafika mezani kwa hakimu.

*

Saa kumi jioni alirudi ofisini na Pilling. Taa za mafuta zilikuwa zinawashwa ukumbini, moja moja, na hewa ilikuwa na unyevu na vumbi la pamba lililoelea kama unga. Madirisha yalipigiliwa misumari. Uzi ukikauka hukatika, na Hindle alijali uzi.

"Ni mfumaji," alisema Kershaw, mgongo kwa kioo safari hii. "Nitajie nani ana kisa na marehemu."

"Wote, afande."

"Kisa kipya."

Pilling alichungulia begani kwake. "Labda yule wa mstari wa pili, mwenye utepe mweusi. Keziah Barlow. Mume alikufa kitambo. Wiki tatu zilizopita kamzika binti yake mkubwa, Ruth. Kifua. Alitema damu hadi kwenye kitambaa alichokuwa akikifuma. Yule msichana nyuma yake ni Nan, mdogo mtu. Kapewa mitambo ya dada yake."

Kershaw aligeuka nusu, akaona mwanamke mwenye mabega makavu akikohoa ndani ya kiwiko, mikono haisimami. Nyuma yake msichana wa miaka kumi na sita aliinua kibeba-uzi mdomoni, akanyonya uzi, akakirudisha, kwa kasi ya mtu anayepiga chafya.

"Sawa," alisema Kershaw. "Simama hapa. Usicheke, usishangae."

Alikigeukia kioo, akakaa katikati ya mwanga wa taa, akasema polepole, kila neno kwa ukamilifu:

"Silas amekiri. Ametia sahihi. Kesho anakwenda Lancaster, na mwezi hautaisha kabla hajanyongwa."

Hakuna mkono uliosimama kule chini. Lakini midomo ilianza kutembea, mstari wa mbele, wa pili, wa tatu, mpaka ukutani. Kisha vichwa vikageuka. Kershaw alikuwa amepanga kumtafuta mtu mmoja atakayeshtuka. Badala yake wanawake mia mbili walimwonyesha kwa macho, bila kukusudia, kama watu wanaotazama nyumba inayoungua.

Walimtazama Keziah Barlow.

Keziah alizima mtambo wa kulia. Akazima wa kushoto. Kwetu hakuna aliyewahi kuona mitambo miwili ya mtu imesimama kabla ya kengele. Akauinua uso kuelekea kioo, midomo ikaanza kusema.

"Anasema nini?" Kershaw alimshika Pilling bega. "Pilling! Anasema nini?"

Sauti ya Pilling ilitoka nusu hatua nyuma ya midomo ile.

"'Silas hakufanya. Mwacheni Silas. Ni mimi.' Anasema... 'Ruth alipokufa nilimwomba Hindle akitupe kibeba-uzi chake. Nilimwomba mara tatu. Akampa Nan. Nikamwona mwanangu akitia mdomo pale mwenzake alipotemea damu.'" Pilling alisogea kiooni. "'Nilikwenda stoo kukificha tu. Akanikuta. Akanishika mkono akacheka, akasema nitamnunulia kipya mimi? Nilikuwa nacho mkononi.' Analia, afande, sioni vizuri... 'Nan asinyonye tena cha maiti. Nan, usikitie mdomoni.'"

Nan alikuwa nyuma ya mama yake. Aliona mgongo na utepe mweusi, basi.

"Sasa?" aliuliza Kershaw.

"Anasema, 'Bwana hasikii. Nakuja nimwambie kwa sauti.'"

Keziah aliuvua utepe, akauweka juu ya mtambo, akashika njia ya kuja ofisini. Njia salama inazunguka nguzo tatu. Kila mtoto wa Ellerclough anafundishwa kuizunguka kabla hajafundishwa sala. Njia ya mkato inapita kando ya ukanda mkuu, ule unaoleta nguvu ya injini ukumbini. Ukanda hauna kizuizi. Miaka kumi na tisa Keziah alizunguka. Siku hiyo alikuwa na haraka.

Kershaw aliuona ukingo wa shali yake ukiinuka wenyewe, kama umeshikwa na upepo: ukanda ulikuwa umeukamata. Alipiga kioo kwa ngumi mbili. Alipiga yowe. Hakuna aliyesikia, na neno la kusema "simama" kwa midomo hakulijua. Pilling alikuwa ameshazishuka ngazi zote nane kwa mruko mmoja.

Injini ilipozimwa, hapo ndipo Kershaw aliposikia kwa mara ya kwanza sauti za wanawake wale. Walikuwa wanalia kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wanavyolia, na hakuweza kuvumilia kuisikiliza.

*

Hakimu alikuwa mezani anakula kondoo. Aliwapokea kwa sababu ya cheo cha Kershaw, lakini kitambaa hakukitoa shingoni. Pilling alieleza. Tabitha na Alice walisimama mlangoni na viatu vyao vya mbao mkononi wasichafue zulia.

"Ulimsikia huyo mwanamke aliyekufa akikiri?" hakimu alimuuliza Pilling.

"Nilimwona, mheshimiwa."

"Sikuulizi uliona nini. Ulisikia?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Mama yako alikuwa na kazi gani?"

"Mfumaji. Ellerclough."

"Naam. Na wewe, Inspekta?"

"Niliona midomo yake ikisema," alisema Kershaw. "Maneno siyajui. Lakini namdhamini konstebo wangu, na wanawake hawa wataapa."

Hakimu alipapasa kando ya sahani, akatoa karatasi, akaisogeza chini ya taa. Kershaw aliutambua mwandiko wake mwenyewe, na ule mstari uliopigwa mara mbili.

"'Wako tayari kuapia lolote wanaloliona midomoni mwa watu,'" hakimu alisoma. "'Kiapo chao kisipokelewe.' Umeandika vizuri sana, Inspekta. Nimeshaipeleka nakala Lancaster."

"Nilikosea, mheshimiwa."

"Saa tisa hukukosea, saa moja umekosea? Mfu hanyongeki, na nyapara ameuawa. Usiku mwema."

Nje, Alice alivaa viatu vyake akiegemea ukuta. "Jino," alisema. "Lile jino langu la uongo ndilo litakalomnyonga." Tabitha alimshika mkono, wakaenda zao bila kumuaga Kershaw.

*

Mkokoteni uliondoka alfajiri. Kershaw alikuwa ameleta tumbaku. Silas aliipokea, akanusa, akasema ni mbaya. Alipoambiwa habari za Keziah aliinama, akakaa hivyo mpaka magurudumu yalipoanza kuzunguka.

Asubuhi hiyohiyo Kershaw alipanda ofisini kuchukua karatasi zake. Ukumbi ulikuwa unanguruma kama kawaida. Nyapara mpya alikuwa ameshapanga watu: Nan Barlow alihamishiwa mstari wa pili, mitambo ya mama yake, vibeba-uzi vya mama yake. Angekataa, angetolewa nje; chumba anachokaa ni cha kiwanda.

Nan alimwona kiooni. Mikono yake haikusimama, ila uso aliuinua, midomo ikatembea kidogo.

"Pilling," alisema Kershaw. "Ananiambia nini?"

Pilling aliisoma midomo ile.

"Anauliza mama yake alisema nini mwishoni. Wenzake wamemwambia alikuwa anasali. Anasema hawaamini. Wewe ulikuwa mbele yake."

Kershaw alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Alikifuta kwa mkono wa koti. Angeweza kusema alikuwa anasali. Lilikuwa neno jepesi, hata yeye angelimudu. Lakini alikuwa amesema uongo mara mbili pale, na watu wawili walikuwa wameulipia. Akafungua mdomo, bila sauti, taratibu, kama mtoto anayefundishwa irabu.

*Alisema, Nan, usikitie mdomoni.*

Msichana alimsoma mpaka mwisho. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Mtambo wa kushoto uliishiwa uzi. Nan akatoa kibeba-uzi, akapachika uzi mpya, akakitazama kidogo. Kisha akakitia mdomoni, akanyonya.